Mtoto anasoma bila kukwama, ukimuuliza kitu ambacho hakikuandikwa anasema "kifungu hakijasema". Tatizo liko wapi?

Chaki Vumbi (Tororo)
Wakuu habari za jioni. Nafundisha P.6 (darasa la sita la msingi) shule ya serikali huku Tororo, Kiingereza na SST (maarifa ya jamii), na Ijumaa nakaa na kilabu cha Kiswahili. Kuna jambo linaninyima usingizi naomba tulijadili. Nina watoto wanaosoma kwa sauti mpaka unafurahi, nukta wanaziheshimu, ukiuliza nani alienda sokoni mikono yote juu. Ukiuliza kitu ambacho mwandishi hakukitamka wazi, kimya. Niliwaandikia hiki ubaoni:

"Mama aliingia nyumbani ameshika viatu mkononi. Hakusalimia mtu, akaenda moja kwa moja jikoni akakaa karibu na moto. Musa alipomwona hivyo aliruka kutoka kwenye mkeka akakimbia nje kuanua nguo."

Swali: hali ya hewa huko nje ilikuwaje? Wengi wakaandika "kifungu hakijasema". Wengine wakanakili sentensi ya mwisho nzima nzima. Na hawa ni watoto ambao wingu likijikusanya tu upande wa Busia wanaanza kufunga madirisha ya darasa kabla sijafungua mdomo! Wanakisia kutwa nzima, wakishika karatasi wanaacha. Mimi nasema sisi walimu ndio tumewafundisha kwamba jibu liko ndani ya maneno ya kifungu, wasipolikuta humo wanaona halipo. Mnasemaje, na darasani kwenu mnafanyaje?

Mzee wa Lira
Umesema kweli mwalimu. Mimi nimestaafu lakini P.7 nimeifundisha miaka mingi. Tulikuwa tunawaambia hivi: soma swali kwanza, shika neno moja kubwa kwenye swali, rudi kwenye kifungu tafuta sentensi yenye neno hilo, igeuze iwe jibu la sentensi kamili. Na ilifanya kazi! Sehemu B ya pepa ya Kiingereza ya PLE, mtihani wa kumaliza msingi, ina alama 50 kati ya 100, mtoto aliyeshika mbinu hiyo hakosi za kumvusha. Sasa mtoto aliyelelewa hivyo tangu P.4 utamwambiaje leo aandike kitu ambacho macho yake hayakioni?

Nnalongo wa Kawempe
Naingia kama mzazi. Binti yangu yuko P.5. Kulikuwa na kifungu cha mwenye duka aliyefunga duka mchana, akavaa kanzu, akaondoka pamoja na majirani bila kuongea sana. Swali: alikuwa anakwenda wapi? Mtoto akaandika anakwenda kwenye mazishi. Akapigwa mkasi kwa sababu karatasi ya kusahihishia ilisema msikitini. Nikamuuliza kwa nini mazishi, akasema "mama, majirani wote wameenda pamoja na hawaongei". Nyabo, mimi mtu mzima niliona jibu lake ni zuri kuliko lile la mwalimu. Lakini tangu siku hiyo haniulizi tena kifungu kinasema nini, ananiuliza mwalimu anataka nini. Hilo linaniuma.

Chaki Vumbi (Tororo)
@Nnalongo huyo mtoto apewe alama zake zote. Na "hawaongei" ndiyo neno lenyewe, kalikamata.

dada_wa_Arua
Mnaukimbilia mtihani lakini mnaruka lugha. Huku kwetu mtoto anaanza P.1 kwa Lugbarati, anafika P.3 ndiyo kwanza anaanza kuonja utamu wa kusoma, P.4 anahamishiwa Kiingereza. Kichwa chote kinafanya kazi ya kutambua maneno, nafasi ya kufikiria mwandishi ameficha nini inatoka wapi? Mtaala huu wa lugha ya mama ulianza 2010 na mpaka leo P.4 ni mwaka wa machozi.

Mchana Kweupe
Sahihisho dogo dada, mtaala wa mada kwa lugha za kwetu ulianza 2007. Na si shule zote, zile za mjini ambako watoto wanatoka kabila mbalimbali wanaruhusiwa kutumia Kiingereza tangu P.1. Mimi ni mkufunzi wa walimu, nazunguka shule za aina zote mbili, na ugonjwa anaousema Chaki Vumbi nauona kotekote. Kama lugha ingekuwa sababu peke yake, watoto wa mjini wangekuwa wamepona.

dada_wa_Arua
Asante kwa mwaka. Lakini mtoto wa mjini kusomea Kiingereza tangu P.1 si sawa na kukijua Kiingereza, nyumbani anaongea Luganda na mtaani Luganda! Halafu Chaki Vumbi kifungu chake kilikuwa cha Kiswahili, ambacho kwa watoto wa Tororo ni lugha ya tatu au ya nne. Amenisaidia hoja yangu bila kujua. Mwalimu wasimulie hao watoto hadithi ileile kwa Dhopadhola uone.

Chaki Vumbi (Tororo)
Haki kabisa, nitajaribu nitarudi hapa.

boda_msomi
Mimi si mwalimu, naendesha boda hapa Jinja, nilifika S.6 (kidato cha sita) karo ikakatika ila kusoma sijaacha. Naona mnasahau kitu kimoja, KUIJUA HABARI YENYEWE. Kuna utafiti wa Marekani wa 1988, walichukua wanafunzi wa chuo kikuu wakawapa habari ya mchezo wa besiboli. Waliokuwa hafifu kusoma lakini mchezo wanaujua, walielewa kuliko wasomaji hodari wasioujua mchezo. Sasa mtoto wa kijijini unampa kifungu cha uwanja wa ndege, mtu anavua mkanda na viatu kabla ya kupita, unamuuliza kwa nini. Atajua nini na hajawahi hata kuuona uzio wa Entebbe?

Mchana Kweupe
@boda_msomi umenifurahisha sana kuutaja huo. Ni wa Recht na Leslie, mwaka umepatia, ila hawakuwa wa chuo kikuu, walikuwa watoto wa darasa la saba na la nane, 64 kwa jumla. Na hilo linaipa hoja yako nguvu zaidi maana ni watoto wa umri karibu na wa kwetu.

Kuna mwingine wa 1979 ninaoupenda kuliko huo. Steffensen na wenzake waliwapa Wahindi na Wamarekani barua mbili, moja inaeleza harusi ya Kihindi nyingine ya Kimarekani. Kila mtu alisoma ya kwao haraka zaidi na akaikumbuka zaidi. Kwenye ya Kimarekani bibi harusi alivaa gauni la bibi yake, Wamarekani wakaona ni heshima ya ukoo, msomaji mmoja wa Kihindi akaelewa kwamba gauni lilikuwa limezeeka na limepitwa na wakati. Huyo amekisia vizuri kabisa kutokana na anachokijua, shida ni kwamba alichokijua si kile alichokuwa nacho mwandishi.

Nnalongo wa Kawempe
Hiyo hata hapa ipo. Andika "kaka wa msichana alipopokea jogoo, ukumbi mzima ukalipuka vigelegele". Mtoto wa Buganda anajua papo hapo kwamba ni kwanjula, sherehe ya mchumba kutambulishwa kwa wakwe, na mwanamume amekubaliwa. Mpe mtoto wa Gulu, atashangaa watu wanamshangilia kuku wa nini.

Jua la Mbale
Nimesoma kila kitu na nina neno na mwalimu mwenyewe. Kwani nani kasema jibu ni mvua? Kwetu nguo zinaanuliwa kila jioni, mvua isiwe mvua. Mama kashika viatu labda kavuka mto, labda kiatu kimekatika. Kakaa karibu na moto kwa sababu Mbale jioni kuna baridi inayoshuka mlimani. Wale waliosema "kifungu hakijasema" wamesema ukweli!

Chaki Vumbi (Tororo)
@Jua la Mbale nakushukuru kwa hili maana ndipo penye kazi. Chukua kila sababu yako peke yake, inasimama. Sasa ziweke pamoja. Kiatu kikikatika, je moto? Baridi ya jioni, je viatu? Na usiliruke neno "alipomwona hivyo". Musa hakukumbuka tu kwamba jioni imefika, kitu alichokiona kwa mama ndicho kilichomrusha mkekani. Jibu linaloeleza viatu, moto NA Musa kukimbia, yote kwa pamoja, ndilo lenye nguvu. Wewe umeleta majibu matatu kueleza mambo matatu, mvua inaeleza yote kwa mpigo. Hivyo ndivyo ningetaka watoto wangu wabishane, siyo kukisia tu mradi umekisia.

Jua la Mbale
Kuvuka mto nako kunaeleza viatu na moto.

Chaki Vumbi (Tororo)
Na nguo?

Jua la Mbale
Nguo imenishinda kidogo. Lakini nataka umpe alama mtoto atakayesema mto halafu akajitetea.

Chaki Vumbi (Tororo)
Nitampa. Si zote, ila nitampa.

FundiNakivale
Wandugu habari. Nafundisha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, watoto wangu wengi ni wa kutoka Kongo, Kiswahili wanakiongea tangu wakiwa mgongoni kwa mama zao, kwa hiyo hoja ya lugha ya dada wa Arua kwangu haipo. Nilikiandika kifungu cha Chaki Vumbi ubaoni jana. Wachache wakasema mvua. Lakini kikundi cha nyuma, wasichana wanne, walisema mama amesikia kuna watu wanakuja. Viatu mkononi ili asisikike akitembea. Hakusalimia kwa sababu sauti ni hatari. Musa ameelewa bila kuambiwa, amekimbia kukusanya nguo ili waondoke usiku huo.

Nikawauliza na moto je. Mmoja akajibu amekwenda kuuzima.

Ndugu zangu, wameeleza viatu, kimya, moto na nguo, yote, kwa kanuni ileile aliyoitoa Chaki Vumbi hapo juu. Niwaambie wamekosea?

Mzee wa Lira
Usiwaambie hivyo mwalimu. Huku kwetu kulikuwa na miaka ambayo watoto wangejibu vivyo hivyo.

Mchana Kweupe
Hao wasichana ni wasomaji hodari. Kama darasa lingekuwa langu ningewauliza kitu kimoja tu, "kifungu kingebadilika vipi ili mvua isiwezekane kabisa, na kingebadilika vipi ili hatari isiwezekane?" Waongeze neno moja moja wenyewe. Andika "viatu vyenye tope" uone hadithi inavyoelemea upande mmoja. Hapo mtoto anaona kwa macho yake kwamba maneno ya mwandishi ndiyo yanayofungua milango na kuifunga.

Halafu tutenganishe mambo mawili maana tunayachanganya tangu mwanzo. Kuna kukisia kwa kuunganisha sentensi na sentensi, mfano kujua "hivyo" inarudi kwenye nini, au "yeye" ni nani kati ya watu wawili. Hapa huhitaji kujua dunia, unahitaji kushika uzi wa maneno. Na kuna kukisia kwa kujazia unachokijua wewe, hapo ndipo mambo ya kwanjula na uwanja wa ndege yanapoingia. Watafiti wa Uingereza kina Cain na Oakhill wamewachunguza sana watoto wanaosoma maneno vizuri lakini hawaelewi, na wakaona hao wanashindwa hata pale ambapo habari wanayoihitaji wanayo kichwani. Kwa hiyo @boda_msomi kujua habari ni lazima lakini hakutoshi, mtoto anacho kitu ila hajui kwamba hapa ndipo pa kukitumia.

boda_msomi
Mkufunzi weka aya mkuu, simu yangu ni ndogo 😂 lakini nimekupata. Ila mimi bado nasimama na kujua. Mimi nikimwona abiria hapa stendi najua anakwenda wapi kabla hajasema, na hakuna aliyenifundisha mbinu, ni kwa sababu kazi naijua. Nipeleke mji mwingine sijui kitu.

Kasese Juu
Jamani na woga je? Kwetu mtoto anayesema mbele ya mkubwa jambo ambalo hana uhakika nalo anaambiwa mjuaji. Nyumbani anafundishwa anyamaze asikilize. Darasani akikosea wenzake wanacheka, na kuna walimu bado wanashika fimbo ingawa imekatazwa. Halafu unamwambia "kisia". Kukisia maana yake ni kukubali kwamba unaweza ukakosea mbele ya watu! "Kifungu hakijasema" ni jibu la mtoto anayejilinda.

dada_wa_Arua
Hii ya Kasese nimeikubali. Bado lugha, lakini hii nayo imo.

Chaki Vumbi (Tororo)
Nimerudi na habari. Niliwasimulia watoto kisa kile kwa Dhopadhola, kwa mdomo, bila kuandika. Sijamaliza sentensi ya mwisho wameshasema mvua. Hata yule wa nyuma kabisa ambaye huwa haongei.

dada_wa_Arua
NILISEMA. Lugha!

Mchana Kweupe
Subiri dada usishangilie bado. Amebadilisha vitu viwili mara moja, ametoa Kiswahili na ametoa maandishi. Akisimulia, sauti yake inasaidia, anaposema "akakimbia" anaharakisha, uso unaonyesha. Tutajuaje kama kilichowaokoa ni lugha au ni kusikia? Aandike kwa Dhopadhola ubaoni, halafu asimulie kingine kwa Kiswahili bila kuandika, ndiyo tujue.

Kasese Juu
Na kitu cha tatu, kusimuliana ni kama nyumbani, hakuna alama, woga umetoka. Kwa hiyo hata mimi naweza kusema nimeshinda.

Bweyale kwetu
Haya yote mazuri lakini mimi nina darasa ambalo benchi moja linakaliwa na watoto watano, vitabu vya kusoma wanagawana kundi kwa kundi. Vikundi vya majadiliano nifanyie wapi? Nisaidieni kitu ninachoweza kukifanya nikiwa na chaki na mdomo tu.

Mzee wa Lira
Vitendawili. Havihitaji karatasi. "Kuku wangu katagia mibani", mtoto aone miba, aone kitu kama yai katikati, afike kwenye nanasi. Wazee walitunoa hivyo. Waganda wanasema koyi koyi, mnaitikia lya, sisi Walango tunavyo vyetu. Hapo ndipo pa kuanzia kabla ya watafiti wowote.

Nnalongo wa Kawempe
Mzee nakuheshimu lakini wanangu ebikokyo wanavijua kwa moyo. Ukitaja cha kwanza jibu limeshatoka. Hapo hakuna kukisia, ni kukariri kulekule kwa kifungu.

Mzee wa Lira
Basi watunge vipya mama. Mtoto akitunga kitendawili inabidi afikirie msikilizaji anajua nini na amfiche nini. Nimewahi kufanya hivyo na P.5 kwa vitu vya darasani tu, ubao, kengele, ndoo ya maji, na walipogeukia kifungu walianza kuuliza wenyewe "mwandishi ametuficha nini hapa".

Mchana Kweupe
@Bweyale kwetu jaribu hili, ni ubao tu. Gawa ubao mara tatu. Upande wa kwanza "kifungu kinasema", wa pili "mimi najua", wa tatu "kwa hiyo". Mara za mwanzo ujaze wewe mwenyewe huku unaongea kwa sauti, wasikie kichwa chako kinavyotembea: hapa anasema ameshika viatu, mimi najua mtu huvua viatu njia ikiwa na tope, kwa hiyo nashuku mvua, ngoja niendelee nione. Hiyo "ngoja niendelee nione" usiisahau, watoto wanadhani sisi tunaliona jibu mara moja.

La pili, wafundishe kutambua aina ya swali kabla ya kujibu. Raphael wa Marekani aliyapanga maswali miaka ya 80 katika mafungu matatu: jibu liko palepale, jibu limetawanyika ulikusanye, na jibu ni la wewe na mwandishi pamoja.

Jua la Mbale
Mkufunzi leo nakusahihisha mimi, mafungu ni manne. La nne ni lile ambalo unaweza kujibu kwa kichwa chako hata bila kusoma kifungu. Na ni muhimu kwa sababu watoto wakishaambiwa "tumieni akili zenu" wanahamia huko moja kwa moja, wanaandika maisha yao na kifungu wanakitupa.

Mchana Kweupe
Manne, kweli kabisa. Na hatari uliyoitaja naiona kila muhula.

Bweyale kwetu
Asante sana wote. Hilo la ubao mara tatu Jumatatu naanza nalo. Ila muda, mitihani ya kila mwezi inanikimbiza.

FundiNakivale
Bweyale, mimi nasoma hadithi kwa sauti dakika chache kabla ya chakula cha mchana, nasimama katikati pale penye utamu, nauliza nini kimetokea na umejuaje. Swali la pili ndilo lenye kazi, "umejuaje". Akijibu nampa mwenzake aseme anakubali au hapana. Siandiki alama yoyote. Hainichukui kipindi.

mwl_wa_sekondari
Nimechelewa. Nipo S.1 hadi S.4, Kiswahili. Msidhani ni ya msingi peke yake. Tangu mtaala mpya uingie 2020 maswali ni ya hali halisi, unampa mwanafunzi kisa cha kijiji chenye shida ya maji halafu anatakiwa atoe suluhisho kutokana na kisa. UCE (mtihani wa mwisho wa S.4) ya kwanza ya mtindo huu ilifanyika 2024. Wanafunzi wangu wananirudishia kisa changu kilekile kwa maneno yaleyale. Wale waliokaa nyumbani karibu miaka miwili shule zilipofungwa, Machi 2020 mpaka Januari 2022, ndio walionitesa zaidi, walikosa miaka ileile ambayo mtu anatoka kusoma maneno anaingia kusoma maana. Ila hata waliokuja nyuma yao hawako mbali. Kwa hiyo corona sijaielewa kama ni sababu au iliongeza tu kilichokuwepo.

Mzee wa Lira
Iliongeza. Mimi niliona haya kabla hata ya UPE (elimu ya msingi kwa wote) ya 1997.

dada_wa_Arua
Mzee kabla ya UPE darasa lilikuwa na watoto wachache na vitabu vilikuwepo, usituambie ilikuwa vilevile!

Mzee wa Lira
Watoto wachache ndiyo. Vitabu, hapana binti yangu, tulikuwa na kitabu kimoja cha mwalimu.

Chaki Vumbi (Tororo)
Wakuu nimeandika kingine kwa ajili ya Ijumaa, safari hii nitafanya kama alivyosema mkufunzi, nusu ya darasa wasome kwa Kiswahili ubaoni, nusu wasome kwa Dhopadhola. Niambieni kama kina dalili za kutosha:

"Abiria alishuka akampa mwenye boda pesa bila kumtazama, akaanza kuondoka. Mwenye boda alizihesabu mara mbili. Akazima pikipiki."

Swali: mwenye boda ameona nini?

boda_msomi
Pesa imepungua. Ingezidi asingezima, angeita tu "ssebo chenji yako". Ukizima umekubali kubishana.

Nnalongo wa Kawempe
Au noti ni bandia. Na abiria hakumtazama kwa sababu anajua.

boda_msomi
Nyabo noti bandia haihesabiwi, unaipeleka kwenye mwanga. Alihesabu.

Jua la Mbale
Mimi nasema imezidi sana, na amezima ili amfuate kwa miguu amrudishie.

boda_msomi
Kwa miguu akiwa na pikipiki??

Jua la Mbale
Kama abiria ameingia sokoni katikati ya watu, ndiyo. Kifungu hakijasema alielekea wapi, mwalimu ongeza neno hapo.

Chaki Vumbi (Tororo)
Siongezi. Nawaachia P.6 waongeze wenyewe, halafu nawaletea hapa walichoandika.